Komeo la Upande Wangu

Jumanne, 18 Desemba 1951

Nimefika Kitale. Mifupa yote inalia. Lori la mahindi kutoka Bungoma si kitu cha kupandisha mwanamke mwenye wajukuu. Nilikalia gunia njia nzima, kuku wangu wawili miguuni. Jogoo amenyea gauni langu. Sawa. Atalipa siku ya Krismasi.

Aliyekuja kunipokea ni mkwe. Mungu wangu! Binti yangu Nekesa angetuma mtu mwingine yeyote — yeye mwenyewe hawezi, amejifungua juzi juzi na damu bado ni kidogo. Sasa naona Zachary anakuja mbio, kofia mkononi, anacheka na meno yote, na mkono ameunyoosha. "Karibu Mama! Habari ya safari?" Mkono! Mkwe anipe mimi mkono! Nilivuta shuka kichwani nikazunguka nyuma ya lori. Yeye akazunguka pia, alidhani sijamwona. Nikazunguka tena. Watu wa soko wakaacha kuuza. Kulikuwa na mama wa maziwa pale, anaitwa Cherono, jirani ya Nekesa — alikuwa anajipiga mapaja kwa kicheko. "Kimbia nyanya, kimbia! Huyo ana miguu mirefu!"

Cherono huyo huyo ndiye alinileta nyumbani. Mkwe alitangulia mbele kabisa na kuku zangu. Mgongo wake ulikuwa umeinama.

Lakini si anajua? Nekesa alimwambia. Kwetu mama mkwe na mume wa binti hawashikani mkono, hawatazamani usoni, hawali chumba kimoja, hawalali chini ya paa moja. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Wakikuyu wana heshima zao, sijui ni gani.

Jioni nimeonyeshwa mahali pangu. Amenijengea! Jiko jipya la mabanzi, limeegemea nyumba yao, lina kitanda changu ndani na mlango wangu wa kutokea nje. Paa ameliacha mbali kidogo na paa la nyumba, nikiangalia juu naona kamba ya mbingu katikati. Ukuta mmoja, paa mbili. Fundi huyu ana akili. Halafu kuna mlango mwingine, wa kuingia nyumbani kwao. Komeo liko upande wangu.

Nikamwuliza Nekesa, hili komeo ni la nini? Ati Zachary amesema nifungue mwenyewe siku nitakayotaka.

Nikamwambia litaota kutu.

Jumatano, 19 Desemba

Nimefua nepi. Nimepika uji wa wimbi, Nekesa amekunywa bakuli mbili mbele yangu, nilisimama hapo mpaka akamaliza. Amekonda huyo mtoto wangu. Kichanga ni kizuri, mweusi, mkali kama mimi. Nikauliza jina. Nekesa akasema tunamwita Toto tu kwanza. Haya.

Wangui, yule mkubwa wa miaka minne, ananifuata kama mkia. Ananiita Kukhu, ndiyo nyanya kwetu. Ananiuliza kwa nini sina meno huku.

Alhamisi, 20 Desemba

Leo nimejua nimeitiwa nini.

Nilikuwa nakanda mgongo wa Nekesa. Huko nje randa inalia tangu asubuhi, mbao inatoka maganda marefu, Wangui anayavaa kama hereni. Nikasema mume wako ana kazi nyingi, anatengenezea nani sanduku kubwa hivyo? Nekesa akaficha uso kwenye mto. Nikasema, sema. Akalia.

Sanduku ni lao. Mwezi wa kwanza wanahamia Nyeri, kwa mama yake Zachary. Wote. Na watoto.

Nikasema, mama yake? Kumbe yuko hai? Miaka yote nimemhurumia huyu kijana ati hana mama! Si Wangui amepewa jina lake? Nekesa akaangalia chini, akasema yuko hai, Mama, analima viazi, ana nguvu kukushinda.

Sikuelewa hiyo. Lakini nilikuwa na kubwa zaidi la kuuliza — kwa nini mnaenda? Kazi si iko hapa? Nekesa akasema Zachary amechoka. Anasema huko kuna nyanya atakayekaa na watoto wake na kula nao. Huku mama wa mke wake anamkimbia sokoni kama mbwa mwenye kichaa.

Nimkimbie! Mimi ninamheshimu! Ningekuwa namdharau ningempa huo mkono na kumwangalia machoni kama muuza nyanya!

"Basi umwambie hivyo, Mama."

Nitamwambiaje na siwezi kuongea naye?

Nyeri. Sijui hata jua linatokea upande gani huko. Wataongea Kikuyu. Huyu Wangui atanisahau kabla meno yake ya mbele hayajatoka na kuota tena. Nimezaa saba, nimezika watatu, nimebakiwa na msichana huyu mmoja tu.

Kuna njia ya kulegeza mwiko, naijua. Wazee wa pande mbili wanakaa, kuna mbuzi, kuna blanketi, kuna maneno yanasemwa. Lakini mzee wa upande wangu angekuwa Wepukhulu, mume wangu. Na Wepukhulu yuko chini ya migomba yake, mwaka wa pili huu. Nikiuvunja mwenyewe tu hivi hivi — wazee walisema watoto ndio wanaobeba. Mwili unatetemeka. Macho yanaharibika. Niwavunjie mwiko ili wabaki, halafu wabaki vipofu?

Ijumaa, 21 Desemba

Nimeunguza simsim. Sijaunguza simsim tangu nilipokuwa msichana. Sitaki kuongea.

Jumamosi, 22 Desemba

Simsim ya leo ni sawa. Nimeikaanga polepole, nikaitwanga kwenye kinu na sukari nguru niliyotoka nayo nyumbani, Wangui akafinyanga maduara. Moja kwenye sinia, moja mdomoni. Nikamwambia mwizi wewe. Akasema si mwizi, anaonja. Neno hilo amelitoa wapi? Wepukhulu alikuwa anasema hivyo hivyo, mkono ukiwa ndani ya chungu.

Mwaka huu hawaendi popote na hakuna mgeni anayekuja. Nekesa hana nguvu za wageni. Watu wanne na kichanga. Nimemwambia sikukuu ndogo ndiyo inayokumbukwa — kubwa unaosha sufuria tu.

Jumapili, 23 Desemba

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tulikuwa tunatoka kanisani, mimi na Wangui na Cherono. Zachary mbele, mbali. Nimembeba kichanga. Cherono akauliza, mtoto anaitwaje? Nikasema bado. Wangui akadakia, "Ana jina! Anaitwa Nasambu. Kama wewe, Kukhu. Baba alisema ni siri ya Krismasi."

Nikasimama pale pale.

Nasambu! Mtoto apewe jina langu na mimi niko hapa, napumua, nimekanyaga barabara! Kwetu jina linatoka kwa waliokufa. Mtoto akilia bila sababu tunamtajia wafu, mmoja baada ya mwingine, na akinyamaza kwa jina la fulani basi fulani amerudi. Kumpa mtoto jina la aliye hai ni kumwambia huyo mtu ondoka, kiti chako kimepata mwenyewe. Kumbe mkwe ananizika! Ananijengea chumba kizuri, ananitilia komeo, kumbe ni kaburi!

Nikaingia kwa Nekesa na viatu vya kanisa miguuni. Nikamwambia, wewe ulijua. Akasema alijua, alikuwa anatafuta siku ya kuniambia. Nikasema ungeitafutia makaburini. Akaanza kueleza — kwao msichana wa kwanza ni wa mama wa baba, wa pili ni wa mama wa mama, ni sheria, hata ukiwa hai, hasa ukiwa hai. Asipokupa jina ndipo amekutukana. Zachary alisubiri msichana wa pili kwa hamu, Mama, alipozaliwa aliimba barabarani mpaka kwa Cherono.

Nikamwambia aimbe na Nyeri.

Sikula.

Jumatatu, 24 Desemba

Keki! Nekesa alijifunza kwa Memsabu wake alipokuwa yaya, kabla hajaolewa. Mayai sita ya kuku wa Cherono, siagi, unga, hamira kidogo. Hakuna oveni — sufuria kubwa, mchanga chini, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Nekesa alikaa kwenye kigoda akiniamrisha kama Memsabu kweli. Mama usifungue! Mama usichungulie! Nimelea watoto kabla ya wewe kujua kuketi, nikamwambia, na leo unanifundisha kungojea unga? Harufu ile lakini! Imejaa jiko, imepenya mabanzi, randa huko upande wa pili ikasimama.

Harufu ikanipeleka mbali.

Krismasi yangu ya kwanza. Tulikuwa tumebatizwa mwaka huo, mimi na Wepukhulu, ndipo nilipojulia herufi hizi, na mtoto mgongoni — shule sijaiona ndani. Mvua kubwa, mto umejaa, hatukuweza kwenda kanisani. Tukabaki wenyewe ndani ya nyumba, vijana wawili na Mukhisa wetu mchanga. Wepukhulu akakata matawi mabichi akayachomeka mlangoni ati ndivyo mwalimu alivyofanya. Akachinja kuku. Zamani hizo kwetu mwanamke hali kuku. Anapika, ananusa, anawapa wanaume. Basi nikapika, nikampa. Akachukua paja akaliweka mkononi mwangu. Nikalirudisha. Akaliweka tena. Mama yake alikuwa amesimama nje kwenye mvua, anapiga kelele nitazaa watoto wasioweza kumeza! Wepukhulu alipiga magoti mbele yangu, mikono imejaa mafuta, akasema kwa sauti ya chini, "Kula, Nasambu."

Nikala. Wiki nzima niligusa koo la Mukhisa kila akinyonya. Hakuna kitu. Leo ana kitambi, anameza kuliko mtu yeyote Bungoma.

Nilikuwa nimekaa na hilo, macho yamelowa, ndipo sauti ikatoka kwenye ukuta. "Wangui, mwambie Kukhu nataka kusema kitu."

Wangui hakuwa hapo, alikuwa nje anafukuza jogoo. Nekesa alikuwa ameenda kunyonyesha. Yeye akaendelea tu, anaongea na mtoto asiyekuweko. Wangui, mwambie Kukhu sikumtakia kifo. Mwambie mama yangu alipomshika Wangui alisema, sasa siwezi kuisha, nimeanza tena. Kwao jina hawalingojei kaburi. Wanampa mtu akiwa na macho, ajione akikua.

Siwezi kuongea naye. Nikaongea na sufuria. Nikasema, wewe sufuria, mwambie huyo mtu kwetu kiti ni kimoja, wa pili akikalia wa kwanza anatoka. Mwambie na mimi sikumkimbia kwa dharau. Ninayemdharau ninampa mkono.

Akasema kwa mshangao kabisa, "Ati ile ilikuwa heshima?"

"Sufuria, mwambie ndiyo! Kubwa!"

"Kuzunguka lori mara tatu?"

"Mara mbili! Ya tatu ni yeye!"

Akacheka. Nikaona na mimi mdomo unanisaliti. Nikauliza haraka kabla haujanisaliti wote — na Nyeri, sufuria? Muulize Nyeri.

Nilisikia anakwangua ubao na kucha. Akasema, "Mama, mimi nimekulia nyumba ambayo nyanya anakaa katikati. Watoto wanamlalia. Baba anamletea maneno. Nataka watoto wangu wapate hiyo. Huko kuna mtu. Hapa nina ukuta, na ni mimi nimeujenga."

Keki ikaungua chini kidogo. Kosa lake.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi.

Mawingu mlimani, huku chini jua. Wangui ameamka akipiga sinia. Zachary alikuwa amechomeka matawi ya saipresi mlangoni kwao, na — nimefungua mlango wangu wa nje — na kwangu pia. Kama yale. Hakuna aliyemwambia. Nimesimama hapo na ndoo ya maji nikisahau naenda wapi.

Tumepika! Jogoo wa lori, amelipa. Chapati, Nekesa anasukuma ameketi, mimi nachoma. Mandazi. Simsim ile ya maduara. Keki tumekata upande ulioungua nikaula mimi, ni mtamu kuliko mwingine, mtu asinidanganye.

Chakula kinapita mlango wa nje, kinazunguka nyumba, kinaingia mbele. Mbebaji ni Wangui. Nikaweka firigisi juu ya sahani ya Zachary, kwa sababu firigisi ni ya mwenye nyumba. Sahani ikarudi. "Baba anasema hii ni ya Kukhu." Nikamwambia amwambie baba yake kwetu mwanamke hapewi firigisi. Akaenda. Akarudi. "Baba anasema hampi mwanamke, anampa sufuria." Mjinga huyo! Nikairudisha, nikasema mwambie nina meno machache, na hiyo ni ngumu. Akaenda. Akarudi. "Baba anasema utamung'unya." Nikairudisha tena. Safari hii alichelewa. Sahani ikaja tupu, na midomo ya Wangui inang'aa.

"Imeisha," akasema. "Ilichoka kutembea."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Na upande wa pili wa ukuta, pale pale nilipoweka mkono, nikamsikia akicheka. Anacheka kama mtu anayekohoa. Nekesa alikuwa anacheka pia, na kicheko chake hicho sijakisikia tangu alipoondoka nyumbani kwangu na sanduku la bati kichwani.

Baadaye aliomba. Alishukuru kwa chakula, kwa Nekesa kupona, kwa watoto. Halafu akasema, "Na kwa yule aliye upande ule." Nikasema amina kabla sijajizuia. Kwa sauti! Wote wakanyamaza. Mimi na mandazi yangu tukanyamaza zaidi.

Ningetaka Wepukhulu angeiona. Sikukuu ya watu wachache, mafuta mikononi, mtoto mchanga, matawi mlangoni. Ni ile ile, nyumba tu ndiyo nyingine. Wale vijana wawili sasa ni hao wawili upande wa pili. Mimi niko nje kwenye mvua, mahali pa mama mkwe wangu, napigia kelele watu wanaokula.

Hilo limeniuma. Sikulijua mpaka nilipoliandika.

Jumatano, 26 Desemba

Asubuhi nyundo. Anapigilia misumari kwenye lile sanduku. Kila msumari nausikia hapa chini ya mbavu. Nimemwuliza Nekesa, bado mnaenda? Akasema Zachary hajasema twende wala tubaki. Anapigilia tu, Mama, anapigilia polepole sana.

Nekesa ana rangi sasa. Amesema atatembea mpaka kwa Cherono kumrudishia sufuria na kumpelekea keki, ni hatua chache, anyooshe miguu. Amemchukua Wangui. Kichanga amemwacha na baba yake, amelala.

Hakulala.

Analia tangu walipopotea pale kwenye kona. Namsikia Zachary anamtembeza. Ubao ule wa katikati ya sakafu yao unalia akiukanyaga. Anaimba Kikuyu. Anapiga mluzi. Amempa kijiko, nimesikia kikianguka. Mtoto halii njaa, nakijua kilio cha njaa. Hiki ni kile kingine.

Nimetaja wafu wangu hapa kitandani, kwa midomo tu. Nakhumicha, mama yangu. Bado analia. Nanjala, dada yangu. Bado. Shangazi wa Wepukhulu, yule kiwete. Bado. Hakuna anayemtaka, au yeye hawataki.

Sasa Zachary ameanza. Hajui kama namsikia, au anajua. Sauti yake imeshuka kabisa, imechoka.

"Nasambu. Nyamaza, Nasambu. Kwani nikufanyie nini? Nasambu wangu."

Mkwe kutaja jina la mama mkwe! Kwetu wangetafuta mbuzi leo leo.

Lakini nani ameniita hivyo? Mukhisa na Nekesa na ndugu zao wananiita Mama. Huyu mdogo, Kukhu. Kijijini mimi ni Mama Mukhisa, na wanaonichukia wana lao. Nasambu alizikwa na Wepukhulu. Nilidhani hivyo. Mwaka wa pili sasa sijalisikia mdomoni mwa mtu, na leo limetoka pale kwenye mabanzi, kwa sauti ya chini, kama ya mtu aliyepiga magoti.

Mtoto hajanyamaza. Ni mimi nimenyamaza.

Nimesimama nimegusa komeo kwa kidole. Limeteleza. Amelipaka mafuta, yule mjanja! Tangu lini? Nimelirudisha. Nimeketi tena. Naandika ili mikono ipate kazi.

Macho ya watoto. Mwili kutetemeka. Koo la Mukhisa, nililigusa wiki nzima, na alimeza.

Anaita tena. "Nasambu."

Nimeitika. Sikukusudia — nimeitika kwa sauti, kama msichana aliyeitwa kutoka shambani: "Nakuja!"

Ubao wa katikati umeacha kulia. Hatembei tena. Mtoto anapumua kwa kwikwi. Wako pale, wote wawili, wanangoja.

Shuka langu la kichwani liko msumarini. Libaki huko. Kalamu naiweka